Kidude cha 30,000 na taa ya injini iliyokataa kuzimika: uzoefu wangu

Taa ya cheki injini kwenye Toyota IST yangu (ya 2004, injini ya 2NZ, cc 1,300) iliwaka Februari, na kufika Mei ilikuwa imeshazimwa mara nne. Imezimwa, sikusema imepona. Fundi wa kwanza, pale kijiweni Tabata, alichomoa terminali ya betri, akapiga stori dakika kumi, akairudisha. "Hiyo imeisha, kaka." Siku ya tatu ikawaka nikiwa kwenye foleni ya Buguruni.

Fundi wa pili alikuwa na mashine. Akasoma kodi, yaani namba ya hitilafu (si ile ya TRA), P0171, akasema oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa. Sensa ya mtumba 85,000, ufundi 20,000. Wiki nzima kimya, halafu hiyo hapo. Nilipomrudia akanishauri tubadilishe plagi. Nikamuaga, nikaenda kwenye maduka ya Gerezani, Dar, kununua kidude changu mwenyewe cha kusomea kodi: unakichomeka kwenye gari, unasoma kwenye simu.

Nilichochukua ni ELM327 ya Bluetooth, 30,000 baada ya kuvutana bei. Muuzaji alikuwa nazo mbili, moja imeandikwa toleo 1.5, nyingine 2.1. Usidanganywe na ukubwa wa namba: nyingi za 2.1 ni kopi zilizopunguzwa uwezo. Cha kuchekesha, kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo haikuwahi kutoa toleo la 1.5, kwa hiyo hata hiyo ni feki, ila ni feki inayofanya kazi. Mwenye iPhone atafute ya Wi-Fi au ile inayosema wazi kwamba inakubali iPhone.

Siku ya kwanza ilikataa kabisa kuongea na gari. IST zetu zilitengenezewa soko la Japani, na Toyota nyingi za huko za miaka ile hazifuati sawasawa utaratibu wa gari kuongea na vifaa vya kupimia ambao Marekani iliulazimisha kuanzia magari ya 1996. Karibu niirudishe dukani. Usiku nikapekua mipangilio ya programu kwenye simu, nikakuta chaguo la Toyota za Japani. Ikakubali palepale.

Sasa P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na oksijeni sensa ndiyo iliyopeleka taarifa. Mimi nilikuwa nimemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga filimbi.

Kilichonisaidia hasa ni namba zinazotembea injini ikiwa inawaka. Ipo moja inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Gari ikiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), yangu ilisoma +22. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi +5. Kama ingepanda kadiri ninavyokanyaga, ningeshuku pampu au chujio la mafuta, au sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) kuwa chafu. Kushuka maana yake kuna hewa inaibwa mahali baada ya sensa ya hewa: injini ikinguruma taratibu wizi huo ni mkubwa, ikivuta hewa nyingi hauonekani.

Nikafungua boneti na tochi. Mpira mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini kwenda kwenye mfumo wa hewa ulikuwa umepasuka kwa chini, kwenye kona, usipouminya huoni kitu. Mpya 8,000. Namba ikarudi +3, na taa haijawaka tangu Mei hadi leo, mwezi wa nane.

Kidude nakipa nyota nne. Moja naikata kwa ule usumbufu wa kuunganisha, na kwa sababu programu imeweka kitufe cha kufuta kodi mahali pa kukugonganisha nacho. Usikiguse kabla hujasoma, maana ukifuta unapoteza na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, joto, mizunguko. Terminali ya betri nayo inafuta hivyo hivyo. Na ukimaliza chomoa kidude, kinanyonya betri hata gari ikiwa imezimwa.

Jirani yangu Baba Asha alikuja kukiazima kwa ajili ya Corolla 110 yake. Nikacheka, maana haina hata pa kukichomeka. Ile ina kiboksi chake cha kupimia chini ya boneti. Tukaunganisha matundu yake mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, tukawasha swichi bila kuwasha injini, taa ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikapumua, mara moja. Yaani kodi 21. Yake kweli ilikuwa oksijeni sensa.