Laravel na linki zenye domeini moja: nyota nne kati ya tano

Napima kipande kimoja tu cha Laravel (zana ya PHP ya kujengea mifumo ya wavuti), kile kinachotengeneza linki kamili, maana ndicho kilichoninyima usingizi nilipojenga mfumo wa akiba na mikopo wa kikundi cha kina mama hapa Mwanza.

Mtu akiwa amefungua ukurasa, Laravel huchukua domeini kutoka kwenye ombi la kivinjari chake, na mambo huenda sawa. Lakini SMS zangu za kukumbusha marejesho zilitoka zenyewe saa kumi na mbili asubuhi, hakuna aliyefungua chochote, kwa hiyo mfumo ukasoma APP_URL, yaani anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye faili la mipangilio la .env. Sikuwa nimeigusa. Kina mama wakapokea http://localhost, anwani inayoelekeza kwenye kifaa chenyewe kinachoifungua. Mweka hazina akanipigia: "Mwanangu, mbona hii haifunguki?" Nikarekebisha, kesho yake yakawa yaleyale, kwani programu ya foleni, ile inayotuma SMS kwa nyuma, ilikuwa inaendelea kushika thamani ya zamani. Inatakiwa amri ya config:cache upya ili mipangilio isomwe tena, kisha queue:restart ili foleni ianze upya.

Kilichonitisha hasa ni linki ya kubadili neno la siri. Seva ikipokea Host yoyote (jina la domeini linalotumwa ndani ya ombi), mwizi anaweza kuomba linki kwa barua pepe ya katibu huku akituma jina la domeini yake. Katibu atapata barua halisi kutoka kwetu, tokeni halali (msimbo wa siri wa kubadilishia neno hilo), ila akibofya anaikabidhi kwa mwizi. Zile ni pesa za watu! Hapa nawapongeza waliotengeneza: mstari mmoja, URL::forceRootUrl(config('app.url')) ndani ya AppServiceProvider (faili linalosomwa mfumo unapoanza), na linki zote zinatoka na domeini yangu tu. Nikaongeza trustHosts ili majina ya kigeni yakataliwe mlangoni.

Nyota niliyopunguza ni ya https. Nilidhani APP_URL ikianza na https inatosha. Nyuma ya Nginx, seva inayopokea maombi kwanza, Laravel iliona ombi la http, na linki zikatoka http. Nikaweka forceScheme inayolazimisha https, sasa linki zenye saini (msimbo unaothibitisha kuwa linki haijabadilishwa) zikagoma kwa 403, yaani zikakataliwa, kwa sababu saini iliwekwa juu ya https lakini ukaguzi ukafanyika juu ya http. Dawa ni trustProxies, ili Laravel iiamini Nginx, na Nginx ipeleke X-Forwarded-Proto, inayosema kama ombi la awali lilikuwa http au https. Maelezo hayo yako kwenye ukurasa wa maombi (Requests) katika nyaraka za Laravel, mbali na ule wa linki, nikapoteza siku mbili.

Kama kila mteja wako ana domeini yake, usiweke forceRootUrl kwa mfumo mzima. Iweke baada ya kumtambua mteja.