Seiko 5 ya miaka ya 1970 na 1980: tathmini kwa anayenunua saa ya zamani kwa mara ya kwanza

Anayetaka saa yake ya kwanza ya zamani, isiyotumia betri, kwa kawaida huanza kwa kuitamani Omega, kisha bei zikamkatisha tamaa, na hapo ndipo hujikuta mbele ya meza ya muuzaji wa saa za mtumba au kwenye tangazo la intaneti akiwa hajui aulize nini. Saa ninayoitathmini hapa ni Seiko 5 yenye mashine ya 7009 (namba ya mtambo wake wa ndani), iliyotengenezwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, pamoja na ndugu zake wa 6119 na 6309. Siisifu kwa uzuri, kwa kuwa zipo saa nyingi zilizo nzuri kuliko hii. Naipendekeza kwa sababu mgeni anaweza kuikagua kwa macho yake mwenyewe, na hata akikosea, hasara yake inabebeka.

Seiko ni kampuni ya Kijapani ambayo chimbuko lake ni duka lililofunguliwa Tokyo na Kintaro Hattori mwaka 1881. Mwaka 1963 ilitoa Sportsmatic 5, iliyoanzisha ukoo wa Seiko 5, na ile tano ilikuwa ahadi ya mambo matano: saa ijijaze yenyewe, ioneshe siku na tarehe katika dirisha moja, ihimili maji, kifungo chake cha kurekebishia kifichwe mkabala na namba 4, na kasha na mkanda wake viwe imara. Kazi ya kujijaza hufanywa na kipande kizito kinachozunguka ndani kila mkono unapocheza, kikisaidiwa na kifaa ambacho Seiko ilikibuni mwaka 1959 na kukiita Magic Lever, chenye mikono miwili midogo: mmoja huvuta gurudumu la meno na mwingine hulisukuma, hivyo springi hujazwa kipande kile kizungukie upande wowote. Ni ufundi wa vipande vichache, na uchache huo ndio ulioifanya saa iwe rahisi kuuza na rahisi kutengeneza. Desemba 1969 Seiko hao hao walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi (ya betri, inayopima muda kwa kipande cha fuwele) kuuzwa madukani, na saa za betri zikaenda kuviangusha viwanda vingi vya Uswisi. Seiko 5 yenyewe iliendelea kutengenezwa na kuuzwa Asia, Mashariki ya Kati na Afrika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkononi, saa hii ni ndogo kuliko zinazovaliwa leo, kwa kuwa makasha mengi ya 7009 yana upana wa milimita 36 au 37 hivi. Mimi naona ni kipimo kizuri, hasa kwa mwenye mkono mwembamba, ila aliyezoea saa pana za siku hizi aijaribu kwanza kabla ya kutoa pesa. Mkanda wake wa asili wa chuma ni mwepesi, hulia kidogo na huvuta vinyweleo, na wengi huubadilisha kwa wa ngozi. Mashine hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, kwa hiyo mshale wa sekunde husogea kwa kuteleza badala ya kurukaruka kama wa saa ya betri.

Mashine ya 7009 ina tabia mbili ambazo mnunuzi mgeni huzidhania kuwa ubovu. Haijazwi kwa kuzungusha kifungo cha pembeni. Ikisimama, hutikiswa taratibu kwa nusu dakika kisha huvaliwa. Na ukivuta kifungo ili kurekebisha saa, mshale wa sekunde hausimami. Ndivyo ilivyoundwa, na muuzaji anayekuambia kwamba "hii inahitaji fundi kidogo tu" kwa sababu ya hayo haijui bidhaa anayoiuza.

Dirisha la siku linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa saa nyingi zilizouzwa katika nchi za Ghuba zina siku kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na baadhi ya hizo ndizo zinazokutwa pia pwani yetu. Lugha zote mbili zimechapwa kwenye gurudumu moja, kwa kupishana. Baada ya usiku wa manane tarehe hubadilika kwanza, kisha siku hupita kwenye lugha usiyoichagua na kukaa hapo kwa muda kabla ya kufika kwenye ile uliyoichagua, hivyo mtu aliyeamka usiku wa kuamkia Ijumaa huweza kukuta neno la Kiarabu dirishani ilhali aliiacha kwenye Kiingereza. Hakuna kilichoharibika. Kinachoharibu ni kubadilisha siku au tarehe kwa mkono wakati magurudumu hayo yameshikana, kwa hiyo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri usiguse kifungo hicho kabisa. Sogeza mishale kwanza hadi itoke katika kipindi hicho, ndipo ubadilishe.

Sasa nifike kwenye jambo linalowatia hasara wanunuzi wengi zaidi, nalo ni uso wa saa uliopakwa rangi upya. Soko la intaneti limejaa saa za Seiko 5 na za HMT ya India zenye nyuso za rangi kali, za machungwa, samawati au kijani, zinazong'aa kama zimetoka kiwandani jana. Nyingi kati yake zimekusanywa kutoka vipande vya saa tofauti, zikapakwa rangi na kuchapwa maandishi upya. Bei yake ni ndogo na picha zake huvutia. Ichukue saa hiyo, au ikuze picha yake kwenye simu, uangalie neno SEIKO: katika saa halisi herufi zake zimepandikizwa au zimechapwa kwa kingo kali, ilhali katika iliyopakwa upya kingo hupanuka kidogo na nafasi kati ya herufi hazilingani. Angalia alama za saa, kwa maana rangi mpya huacha ukingo mdogo ulionenepa pale ilipogusa chuma. Kisha shuka hadi chini kabisa ya uso, karibu na namba 6. Hapo Seiko huandika maneno madogo sana, likiwemo jina la Japani na namba ya uso ambayo tarakimu zake nne za mwanzo ni za mashine. Ikiwa pameandikwa 7009 chini ya uso na 6119 kwenye mfuniko wa nyuma, unauziwa saa mbili zilizofungwa pamoja. Na ikiwa mstari huo haupo au hausomeki, huenda aliyepaka rangi hakuweza kuuiga.

Angalia pia rangi inayong'aa gizani. Iliyo kwenye mishale na iliyo kwenye alama za uso zilizeeka pamoja, hivyo zinapaswa kuwa na wekundu au umanjano unaokaribiana. Mishale myeupe juu ya alama za kahawia imebadilishwa. Hilo peke yake halinifanyi niikatae saa, lakini hunifanya nipunguze bei.

Kwa sababu hiyo, kati ya saa iliyopauka, yenye mikwaruzo kiooni na vumbi kwenye pembe za kasha, na nyingine inayometameta kwa bei ile ile, mimi humshauri mgeni achukue iliyopauka. Kioo hubadilishwa kwa gharama ndogo na uchafu husafishwa, ila uso wa asili ukishapakwa rangi haurudi. Vivyo hivyo kwa kasha lililopigwa msasa hadi pembe zake zikawa za mviringo: chuma kilichoondoka kimeondoka.

Mfuniko wa nyuma nao husomeka. Kuna namba ya mashine ikifuatiwa na namba ya kasha, kwa mfano 7009-876A, na kuna namba ya pekee ya saa hiyo. Katika namba hii ya pili, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka na inayofuata ni mwezi, huku 0 ikisimama kwa Oktoba, N kwa Novemba na D kwa Desemba. Namba inayoanza na 25 kwenye saa ya 6119 ni ya Mei 1972. Muongo wenyewe hauandikwi, hivyo hujulikana kwa kutazama mashine ilitumika miaka gani, na kwa 7009 wakati mwingine jibu hubaki kati ya miongo miwili.

Ukiwa mbele ya muuzaji, itikise saa uone kama inaanza mara moja, iweke sikioni usikilize kama kipande cha ndani kinakwaruza mfuniko, kisha sogeza mishale mbele kupita saa sita usiku ili ujue kama tarehe na siku zinabadilika. Ukinunua kwa mbali, omba picha ya mashine ikiwa imefunguliwa. Muuzaji makini anayo, na kutu huonekana hata katika picha mbaya. Baada ya kununua, linganisha saa na simu yako kwa siku kadhaa. Kupoteza au kuongeza nusu dakika kwa siku si jambo la kushangaza kwa mashine ya umri huu ambayo haijasafishwa. Ikikimbia au ikichelewa kwa dakika nyingi, mara nyingi ama imepata sumaku, ambayo fundi huiondoa kwa muda mfupi, ama mafuta yake yamekauka na kuganda.

Hapo ndipo gharama halisi ilipo. Seiko 5 ya aina hii mara nyingi huuzwa kati ya dola 40 na 100 kwenye intaneti, na kuifungua yote, kuisafisha na kuitia mafuta upya kunaweza kugharimu kiasi hicho hicho au zaidi. Kwa hiyo mtafute fundi kabla ya saa. Nenda kwa fundi wa Kariakoo au wa Darajani, au popote ulipo, umuulize kama hufungua mashine za Seiko zinazojijaza au hubadilisha betri na mikanda tu, na umuulize bei yake, ndipo utajua muuzaji anastahili kulipwa kiasi gani. Spea si tatizo, kwa kuwa saa mbovu za 7009 ni nyingi na fundi mzoefu huwa na boksi lake.

Ahadi moja kati ya zile tano imekwisha muda wake, nayo ni ya maji. Mipira inayozuia maji ilishakakamaa zamani, na maandishi yaliyo nyuma ya kasha yanaeleza ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Ivue unapotawadha, unapofua na unaponyeshewa. Anayehitaji saa ya kuvaa baharini au ya kazi za shambani anunue Seiko mpya au saa ya betri, na anayetaka isiyokosea hata sekunde tano kwa siku asinunue ya zamani ya aina yoyote kwa bei hii. Kwa wengine wote, 7009 yenye uso wa asili, inayobadilisha siku sawasawa na iliyobakiwa na pembe za kasha lake, ni ununuzi ambao ningeurudia.