Paybill ya M-Pesa kwa shirika dogo: tathmini ya mweka hazina

Shirika letu la kijamii huchangisha fedha za karo na za kuchimba visima, nami ndiye mweka hazina wake. Kwa muda mrefu michango yetu iliingia kwenye simu ya mwenyekiti, kama inavyofanyika katika harambee nyingi nchini Kenya, na kila mkutano ulianza kwa kuulizana nani ametuma na nani bado. Tangu tupate nambari yetu ya Paybill, yaani nambari ya M-Pesa ya shirika ya kupokelea malipo, maulizo hayo yamekwisha, na ninaamini kwamba shirika lolote lililosajiliwa, hata liwe dogo kiasi gani, halina sababu ya kuendelea kuchangisha kwa simu ya mtu binafsi.

Ubora wa Paybill hauko katika kupokea fedha, kwa kuwa hata simu ya mwenyekiti ilizipokea. Uko katika ile nafasi ya nambari ya akaunti, ambayo mtumaji huijaza kabla ya kuandika kiasi. Sisi huwaomba wachangiaji waandike KISIMA au KARO, na taarifa ya miamala inapopakuliwa, kila mchango huonekana pamoja na msimbo wake, saa yake, kiasi chake na neno hilo. Mama aliyetuma shilingi mia moja za kisima anaweza kuonyeshwa mstari wake, na fedha zake haziwezi kuchanganywa na za karo bila mtu kugundua. Hata hivyo, mfumo usipounganishwa na programu ya kuhakiki, hukubali chochote kitakachoandikwa: tumepokea “kisma”, “maji”, na mara nyingi jina la mtumaji mwenyewe. Kwa hiyo maneno yawe mafupi, yawe machache, na yachapishwe kwa herufi kubwa kwenye kila kadi ya mwaliko.

Jambo la pili ninalolithamini ni utoaji wa fedha, maana mtumiaji mmoja anaweza kuanzisha muamala na mwingine akauidhinisha, kisha fedha zikaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya shirika. Ulinzi huo una maana pale tu ambapo kila ofisa anatunza nywila yake. Mashirika yanayomwachia karani mmoja nywila zote yamejinyima kinga hiyo.

Kuhusu ada, shirika huchagua kama zitalipwa na mchangiaji, na shirika, au zigawanywe kati yao. Ningeshauri shirika lizibebe zote, kwa sababu anayetoa kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na makato. Kikomo cha muamala mmoja kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000, kiasi kinachotosha kwa harambee ya kijiji, ingawa mfadhili mkubwa bado ni bora aelekezwe benki.

Pengo lililobaki ni la ndugu zetu walio ughaibuni, ambao wengi wao hawana laini ya Kenya. Kwao tunatumia M-Changa, jukwaa la Kikenya la kuchangisha fedha linalopokea kadi za benki na PayPal pamoja na M-Pesa, na ambalo humwonyesha kila mchangiaji jumla iliyofikiwa. Nalo lina ada zake, kwa hiyo wachangiaji walio nchini tunaendelea kuwaelekeza kwenye Paybill.