Hijabu, msalaba na bango: huduma ya dirishani katika ofisi moja ya serikali mjini Lamu

Nilikwenda katika ofisi hiyo kuomba cheti cha kuzaliwa. Karani wa dirisha la kwanza alivaa hijabu, na mwenzake wa dirisha la pili alikuwa na msalaba mdogo shingoni. Nayataja mavazi hayo kwa sababu wapo wanaotaka mtumishi wa umma aache alama za dini nyumbani, kama ilivyo katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ambako sheria ya mwaka 2019 inawakataza walimu, polisi na waendesha mashtaka wa serikali, miongoni mwa wengine, kuzivaa wakiwa kazini.

Kwa kipimo cha mteja, sikuona tofauti. Mzee mmoja kutoka Mpeketoni, Mkristo, alihudumiwa na mwenye hijabu. Mimi Mwislamu nilihudumiwa na mwenye msalaba, naye ndiye aliyegundua kuwa jina la marehemu baba lina tahajia mbili katika hati zangu, akanielekeza namna ya kulisahihisha kabla sijalipa ada.

Lililonikera lilikuwa ukutani. Juu ya orodha ya ada pamebandikwa bango kubwa la mawaidha ya dini, na ni la dini yangu. Hata hivyo naona liondolewe. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamlinda kila mtu katika kudhihirisha imani yake, na kinakataza kumnyima mtu ajira kwa sababu ya imani hiyo, kwa hiyo kilicho mwilini mwa karani ni haki yake. Ukuta, kwa upande wake, ni wa serikali, na kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. (Kadhi na kanzu yake ni jambo jingine, kwani mahakama yake imo katika Katiba hiyo hiyo.)

Kasoro ya pili ni ya Ijumaa. Madirisha yote mawili hufungwa wakati wa sala bila tangazo lolote mlangoni, ilhali watu wa Faza na Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, hupanga safari zao kwa maji kujaa na kupwa, na anayekawia huenda akakosa chombo cha kurudi. Sala haina budi kuswaliwa. Lakini karani asiyekwenda msikitini angeweza kubaki dirishani, na saa za kufungwa zikaandikwa pale pale lilipo bango.