Bima ipi inafaa kwa gari la zamani Mtwara na Lindi? Nimezipanga kwa daraja

Ukimpelekea wakala wa bima Land Rover 109 ya mwaka 1974, swali lake la kwanza litakuwa: thamani yake shilingi ngapi? Jibu utakalotoa, na jinsi litakavyoandikwa kwenye hati, ndilo litakaloamua kama umenunua bima au umenunua stika ya kumwonyesha trafiki. Kwa gari la juzijuzi kutoka Japani swali hilo ni jepesi, maana yadi zimejaa yanayofanana nalo na bei zake zinajulikana. Gari la zamani halina mwenzake wa kulipima. Kwa hesabu za uchakavu limeshafika sifuri zamani. Kwa mwenyewe, aliyechomelea chesisi upya, akaagiza gia boksi kutoka Arusha na kupiga bodi rangi, ni gari la milioni ishirini na kitu. Nimezipanga bima hizi kwa kuangalia jambo hilo kuliko mengine yote: siku gari likiteketea, utalipwa kwa hesabu ipi kati ya hizo mbili?

Nazungumzia magari ya mtu binafsi: Land Rover Series II na III, Peugeot 504, Volkswagen Beetle, Datsun 120Y, Land Cruiser za miaka ya 70. Kuanzia Mikindani hadi Masasi na Nachingwea bado yapo, mengine yakitembea kila Ijumaa kwenda msikitini, mengine yamefunikwa turubai chini ya mwembe yakisubiri spea. Malori na magari ya abiria yana utaratibu wake, siyagusi hapa.

Sheria kwanza. Gari lolote linalotembea barabarani Tanzania, liwe na umri wowote, lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, inayolipa hasara unayomsababishia mwingine, ile tuliyozoea kuiita bima ndogo. Uzee si msamaha. Na kwa kuwa ada hulipwa kabla, hakuna bima ya mkopo ya "nitamalizia korosho zikiuzwa". Kama fedha zako zinakuja na minada ya Oktoba hadi Desemba, panga bima yako iishe na kuanza miezi hiyo, usije ukaikuta imeisha mwezi wa sita mfuko ukiwa mtupu.

Ya kwanza: bima kubwa yenye thamani mliyokubaliana

Bima kubwa, yaani ile inayolipa hata gari lako mwenyewe ukiligonga, kwa kawaida inaandika kiasi fulani kwenye hati, lakini kiasi hicho ni ukomo tu. Gari likiharibika kabisa, kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali, ilimradi isizidi kiasi hicho. Bima ya thamani iliyokubaliwa inafanya kazi tofauti: wewe na kampuni mnaafikiana mwanzoni, kwa maandishi, kwamba gari hili ni milioni 25, na likipotea lote zinalipwa milioni 25 hizo ukiondoa eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Mjadala wa uchakavu unafungwa kabla haujafunguliwa.

Uingereza na Marekani kuna kampuni zinazoishi kwa biashara hii. Hagerty ya Michigan, iliyoanza mwaka 1984, ndiyo inayojulikana zaidi. Kule ada huwa nafuu kwa sababu kampuni hukubana: gari lilale ndani ya gereji, litembee kilomita chache kwa mwaka, uwe na gari jingine la kwendea kazini. Kwetu usitegemee kuikuta dirishani kwa jina lake. Unaiomba kama kipengele cha nyongeza kwenye bima kubwa, na mara nyingi wakala wa mtaani hana mamlaka ya kukubali, lazima maombi yapande makao makuu Dar es Salaam. Ndiyo maana kwa bima hii napendekeza uende kwa dalali wa bima kuliko wakala. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe na anaweza kupeleka maombi kwenye kampuni kadhaa kwa mpigo. Masharti ya kule nje yatumie kama hoja zako: mwambie gari linalala ndani, linatoka mara chache, dereva ni mmoja.

Gharama? Bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida inatozwa karibu asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya ada. Kwa gari la milioni 25 ni shilingi 875,000, na ukiongeza VAT inafika 1,032,500. Si fedha kidogo. Inafaa kwa gari ambalo huwezi kulipata tena kwa kuingia yadi, hasa ukikumbuka kwamba kuagiza jingine la umri huo kutoka nje kunabeba ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida.

Wakikubali, usitie saini kabla ya kusoma mambo yafuatayo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Neno "thamani iliyokubaliwa" lazima lionekane kwenye hati yenyewe. Likiwa kwenye ujumbe wa WhatsApp wa wakala, halipo.

Mabaki. Kampuni ikishalipa hasara kamili, gari huwa lake. Kwa gari la kawaida hilo halikuumizi. Kwa Land Rover ambayo bodi yake ni ya aluminiamu na nusu ya spea zake hazipatikani, mabaki hayo ni mali, na pengine ndiyo mwanzo wa kulifufua tena. Omba iandikwe kwamba wewe ndiye wa kwanza kuuziwa mabaki, na kwa asilimia ngapi ya thamani.

Fundi. Kampuni nyingi zina gereji zake zilizoidhinishwa. Kijana aliyezoea Toyota za kompyuta hatakuwa na haraka na kabureta ya 504. Omba haki ya kumpeleka fundi wako alete makadirio.

Makato ya spea mpya. Ukifungiwa kifaa kipya kwenye gari la miaka hamsini, mkadiriaji anaweza kusema umepata faida, akakata sehemu ya bei. Jaribu kukiondoa kipengele hicho, au angalau kiwekewe ukomo.

Mafuriko na tufani. Kwa pwani yetu hili si la kubahatisha. Aprili 2019 Mtwara tulikaa roho mkononi Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, kikaenda kutua Msumbiji. Mei 2024 Hidaya na mvua za msimu ule ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Somanga. Bima nyingine huingiza majanga ya asili ndani ya bima kubwa, nyingine huyauza pembeni kwa nyongeza ndogo. Nunua.

Kuvuta gari. Angalia ukomo wa gharama. Likikufia Nangurukuru, si kila kiasi kilichoandikwa kwenye hati kitakufikisha Mtwara.

Ya pili: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi

Kwa wasomaji wengi hii ndiyo nitakayowashauri, ingawa nimeipa nafasi ya pili. Inalipa hasara unayomsababishia mwingine, na inalipa gari lako likiungua au likiibwa. Ukiligonga mwenyewe kwenye mnazi, unajitengenezea.

Fikiria gari la zamani linavyopotea hasa. Nyaya zimepigwa na jua miaka arobaini, bomba la mafuta limekauka, fundi anachomelea chini huku tangi lina mafuta: moto ni hatari ya kweli. Wizi, hasa wa spea, nao upo. Ajali ndogondogo za barabarani kwa gari linalotembea taratibu kutoka Shangani hadi Ligula na kurudi zinatengenezeka kwa fundi wa mtaani, na kwa Series III bodi inanyooshwa kwa nyundo na subira. Uliza wazi kama wizi wa vifaa bila gari zima umo, kwa sababu mara nyingi haumo.

Hata hapa lile swali la thamani linarudi: moto ukila gari, wanalipa kwa soko au kwa makubaliano? Omba makubaliano hapa pia.

Ya tatu: bima kubwa ya kawaida

Wengi watashangaa kuiona chini ya bima iliyo nafuu kuliko yenyewe. Sababu ni kwamba kwa gari la zamani unalipa ada ya thamani unayoitaja wewe, halafu unafidiwa kwa thamani anayoiona mkadiriaji. Ukitaja milioni 20, ada inakatwa kwenye milioni 20. Gari likiungua, mkadiriaji akisema soko linaipa milioni 8, utapokea 8 na eksesi itolewe humo humo.

Kukimbilia upande wa pili nako kuna mtego. Tuseme gari ni la milioni 20, ukaandikisha milioni 10 ili ada ipungue. Kama hati ina kanuni ya uwiano, kampuni itahesabu kwamba umekata bima ya nusu ya gari. Uharibifu wa milioni 4 utalipwa milioni 2, kabla ya eksesi. Tena kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa gari kwa bima kubwa. Ukiukaribia utaombwa ukaguzi, au utakataliwa kwa upole. Inunue hii pale tu gari lako la zamani linapotumika kila siku na lina soko linalojulikana, kama Land Cruiser au Defender ambazo bado zinauzwa na kununuliwa.

Ya nne: bima ndogo peke yake

Kwa gari dogo binafsi inazunguka shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Inafaa kwa gari ambalo bado unalitengeneza na linatoka mara moja moja kwenda kwa fundi. Kitu kimoja tu cha kuangalia: ukomo wa fidia ya mali ya mwingine. Ukigonga gari jipya la kampuni ya gesi, ukomo mdogo utakuacha ukidaiwa tofauti.

Bima za nje ya nchi unazoziona mtandaoni sizipi nafasi yoyote. Sheria ya Bima ya 2009 hairuhusu kupeleka bima ya mali iliyo hapa kwa kampuni ya nje bila idhini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na stika ya barabarani hazitoi.

Kadi, injini na maharusi

Aina yoyote utakayochagua, kuna mambo matatu yanayoangusha madai ya magari ya zamani kusini.

Jina kwenye kadi ya gari. Mengi ya magari haya ni "gari la mzee", na mzee alishatangulia mbele ya haki. Kadi bado ina jina lake, ada analipa mtoto wa kwanza, anayeendesha ni mpwa. Siku ya hasara kampuni itauliza nani mwenye maslahi na gari hili, na familia nzima itatazamana. Mteueni msimamizi wa mirathi mahakamani, mhamishe umiliki TRA, ndipo mkate bima. Inachosha, najua, hasa pakiwa na wake wawili na watoto kumi na moja.

Injini. Land Rover nyingi za huku zimeshavuliwa injini yake ya asili na kuvishwa dizeli ya Toyota au Nissan. Namba ya injini isipolingana na kadi, na hukusema, kampuni ina sababu ya kukataa. Sahihisha kadi, kisha andika badiliko hilo kwenye fomu ya maombi bila aibu.

Matumizi. Beetle au 504 iliyong'arishwa haikosi kuombwa kubeba maharusi, na Land Rover ya wazi haikosi kuombwa kubeba magunia ya korosho hadi ghala la chama cha msingi. Ukimsaidia ndugu bure, sawa. Ukipokea malipo, hiyo ni biashara, na bima ya gari binafsi haiitambui. Mwambie wakala mapema, nyongeza ya ada itakuwa ndogo kuliko unavyoogopa. Vivyo hivyo ukitaka kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala: hati inataja mipaka ya nchi, na upande wa Msumbiji utahitaji bima nyingine.

Kuhusu tathmini, tafuta ripoti ya maandishi kutoka kwa mkaguzi anayekubaliwa na kampuni, na umpeleke na stakabadhi zote za spea pamoja na picha. Piga picha za chini ya gari zaidi ya za juu. Bodi ya aluminiamu hailiwi na kutu, lakini chesisi ni chuma, na upepo wa chumvi wa Mikindani au Kilwa Masoko unaila kimyakimya. Kutu haifidiwi na bima yoyote. Picha za tarehe ya karibuni zikionyesha chesisi nzima zinamnyima mkadiriaji nafasi ya kusema ilivunjika kwa uozo. Rudia tathmini kila unapohuisha bima, kwa sababu bei ya spea haisimami.

Ukishalipa, hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA-MIS kwa namba ya gari siku hiyo hiyo, ukiwa bado umesimama kwa wakala. Ikisoma jina lako, aina ya bima uliyolipia na tarehe sahihi, ondoka. Kampuni ikikukatalia fidia na huridhiki, andika malalamiko kwake kwanza na uchukue majibu kwa maandishi, kisha uyapeleke TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha hati, ripoti ya polisi, tathmini na zile picha za chesisi.