Uzoefu wangu: mwaka mmoja na Forgejo, seva chini ya meza ya fotokopi Nyakato

Kabla sijaipa nyota Forgejo, programu ya kuhifadhi msimbo wa pamoja kwenye seva yako mwenyewe, nieleze tulikotoka. Sisi ni watu saba wa kujitolea. Tunatengeneza daftari la kwenye simu la kuhesabia dagaa: mama anayeuza pale Mwaloni, Kirumba, anaandika sado ngapi zimeingia, magunia mangapi yamepanda gari, nani kachukua kwa mkopo. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, uko wazi, anayeutaka auchukue. Hakuna anayelipwa hata nauli ya daladala. Watatu tuko Mwanza mjini, wengine wako Nansio, Musoma na Bukoba mmoja mmoja, na wa saba ni kijana wa Igombe ambaye usiku yuko ziwani akivua dagaa, na mchana akishaamka anatuzidi sote kwa kuandika msimbo.

Mwanzo repo yetu, yaani ghala la msimbo na historia yake, ilikaa kwenye huduma moja kubwa ya nje, bure, na sina ugomvi nayo. Kosa lilikuwa letu. Mwanzilishi wetu alikuwa ndiye mwenye akaunti peke yake, na tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, lilifungwa hivi kwamba bila idhini yake hakuna kinachoingia. Siku moja anashuka kwenye mtumbwi, simu ikatumbukia majini. Simu ile ndiyo iliyokuwa ikitoa namba za kuthibitisha anapoingia kwenye akaunti, na zile namba za akiba hakuwahi kuziandika popote. Basi, tukabaki tunaitazama repo yetu kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao. Kila mtu anaona sebule kupitia dirishani, hakuna anayeweza kuhamisha hata kiti.

Msimbo wenyewe haukupotea, na hapo ya kusifiwa ni Git, programu iliyo chini ya haya yote, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kukosa ruhusa ya kuendelea kutumia bure BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitegemea. Akaiunda hivi kwamba kila anayenakili repo anabeba historia nzima, toka komiti ya kwanza, yaani badiliko la kwanza lililohifadhiwa. Kwa hiyo laptopu zetu saba zilikuwa na nakala saba kamili. Tulichokosa ni mlango wa pamoja, mahali pa kusema "hii ndiyo yenyewe".

Ndipo tukaingia Forgejo. Jina ni la Kiesperanto, maana yake karakana ya mhunzi. Ilizaliwa mwishoni mwa 2022, pale baadhi ya wachangiaji wa Gitea, programu ya aina hiyohiyo ambayo Forgejo imetokana nayo, walipoona jina na anwani ya mradi vimehamia kwenye kampuni nao hawakuridhika. Na Gitea nayo ilikuwa imejitenga na programu nyingine, Gogs, mwaka 2016. Ukoo mzima, kama unavyoona, unahama kwa sababu ya swali la nani ana funguo. Tulijiona tuko nyumbani.

Kuisimika ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Ni faili moja la kuendesha, hifadhidata ikawa SQLite, na kompyuta ndogo ya mtumba tuliyoiweka kwenye steshenari ya mwenzetu Nyakato, chini ya meza ya mashine ya fotokopi, inaibeba bila kuhema. Forgejo ina kazi ya kuhamisha repo kutoka kwingine: tuliipa anwani ya zamani, ikavuta msimbo, tiketi (taarifa za kasoro na mapendekezo), maoni, lebo, vyote. Nilikuwa nimejiandaa kunakili tiketi kwa mkono usiku kucha. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Kilichotusumbua ni mtandao. Laini ya simu haikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, mnagawana na maelfu, kwa hiyo aliye Bukoba hawezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye kompyuta ya Nyakato. Suluhisho letu ni kioo: Forgejo inasukuma nakala ya repo kwenda Codeberg kila baada ya saa 8, au papo hapo mtu anapopushi, yaani anapotuma mabadiliko, ukiiwekea tiki. Codeberg ni huduma ya mtandaoni inayoendesha Forgejo, na ni chama kilichosajiliwa Berlin, wanachama wanapiga kura na kuchanga, kama SACCOS vile. Walio mbali wanaleta huko maombi yao ya kuingiza mabadiliko, wa mjini anayahamishia ndani. Si nadhifu sana. Inafanya kazi.

Dada wa Nansio ana njia yake. Mtandao ukimsumbua anatumia amri ya git bundle, ambayo inafunga komiti zake mpya kwenye faili moja, anaiweka kwenye flashi, anampa kaka yake anayepanda meli ya asubuhi. Mchana flashi iko steshenari. Mara ya kwanza nilicheka. Nikaichomeka, nikaikagua, nikavuta, komiti zote tisa zikaingia na jina lake, tarehe zake, kana kwamba ameketi pembeni yangu. Sikucheka tena.

Sasa niseme lililonifanya niandike uzoefu huu. Mama mmoja wa Mwaloni alilalamika kwamba jumla ya kilo kwenye daftari ni kubwa kuliko mzigo uliopakiwa. Tofauti si ya kilo mbili tatu, ni ya kutisha. Toleo la zamani lilikuwa sahihi, jipya limeharibika, na katikati kuna komiti 120. Git ina amri ya bisect: unaiambia hapa palikuwa pazima, hapa pamevunjika, inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu, inakata tena nusu. Hatua saba tu, tukamshika mwizi. Mstari mmoja. Mtu alikuwa amebadilisha uzito wa sado kuwa kilo 4. Sado ni kopo la lita 4, na lita 4 za maji ni kilo 4 kweli. Lakini dagaa wakavu hawakaribii hapo, nusu ya kopo ni hewa!

Kwa nini alibadilisha? Ujumbe wa komiti ulisema: "nimerekebisha kidogo". Basi. Mjadala wenyewe ulifanyika kwenye kundi letu la simu, katikati ya salamu za asubuhi, picha za harusi na michango ya msiba. Aliyebadilisha alishajitoa kundini, na wawili waliokumbuka kitu walikumbuka vitu viwili tofauti. Msimbo tulikuwa nao nakala saba, sababu zake hatukuwa na hata moja.

Tangu siku hiyo Forgejo ndiyo imekuwa mkali wetu. Tumeweka kiolezo cha tiketi chenye swali moja la lazima: "umeiona wapi, kwa nani?" Tawi kuu linadai idhini za watu wawili, na wenye uwezo wa admini ni watatu, na hakuna wawili wanaokaa nyumba moja. Namba za akiba zimeandikwa kwenye karatasi na ziko ndani ya Biblia ya mama yangu, Zaburi. Hilo Forgejo haikutufundisha, ni simu iliyozama.

Hizo idhini mbili zilituletea shida ambayo hakuna mwongozo umeitaja. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Giza likiingia, kijana wa Igombe hayupo, na yeye ndiye msomaji wetu mzuri wa msimbo. Maombi yakawa yanalundikana wiki mbili, watu wakanuna, mmoja akaandika "mradi umekufa?" Mbalamwezi ikitoka, anamaliza yote kwa siku tatu. Tulichofanya ni kuacha kupanga matoleo kwa mwezi wa kalenda. Forgejo inakuruhusu kuweka malengo yenye jina na tarehe ya mwisho, nasi yetu yanaitwa "mbalamwezi ya Machi", "mbalamwezi ya Aprili". Manung'uniko yamepungua sana.

Malalamiko yangu? Kuisimika ni rahisi ila kuitunza ni kazi, na kazi hiyo imeniangukia mimi. Matoleo mapya ya usalama hutoka, huwezi kulala. Kuweka barua pepe za taarifa kulinila Jumamosi nzima. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo siku ya Alhamisi, diski ikafa. Huwa natoa akiba kwa amri ya forgejo dump kila Jumamosi, kwa hiyo tiketi za siku tano zilipotea. Msimbo, hata herufi moja haikupotea.

Kama mko wawili watatu na wote mna bando la uhakika, sioni haja ya mashine chini ya meza, jiungeni tu na huduma iliyopo, hakikisheni funguo ziko kwa zaidi ya mmoja. Sisi tunabaki. Natoa nyota nne, ya tano ningeitoa kama ingekuja na mtu wa kuibadilishia diski. Maombi sita yanasubiri sasa hivi, na jana usiku ziwani kulikuwa kweupe. Kijana kaniandikia: "Kesho naanza na lile la sado, shikamoo."