Tela la kukodi Mtwara: mimi ndiye dereva, wakataka kuongea na mume wangu

Pale nilipokodi tela, sikodi tena. Ndugu zangu mnaopanga kuvuta tela la kulala, lile lenye godoro na jiko ndani, kwenda Kilwa au Msimbati, someni hapa kabla hamjatoa amana. Mtu akisema nimeandika kwa hasira, ni kweli, ninazo.

Tulilichukua Mtwara mjini mwishoni mwa msimu wa korosho, twende Kilwa Masoko watoto wakaone magofu ya Kisiwani, halafu wakati wa kurudi tulale Msimbati ufukweni. Gari ni langu, ni Prado, na kuvuta tela si jambo geni kwangu. Nimelijua tangu kwa baba, Newala. Kijana wa pale akalifunga kwenye hoku, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, akachomeka waya wa taa, akalipiga kofi ubavuni. "Liko fiti mama, safari njema." Nikamwomba apige jeki tuangalie magurudumu. Akasema limetoka sevisi, hakuna haja.

Sasa, anayevuta tela ana kawaida yake: ukisimama, kabla ya chai kabla ya msalani, unapita nyuma na kugusa habu za tela, vile vitovu vya katikati ya magurudumu, kwa mgongo wa mkono. Habu ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuunguza, kuna kitu kinasagana ndani. Tuliposimama Mnazi Mmoja nikagusa ya kushoto, ina joto la kawaida. Ya kulia sikuweza kuishika hata kidogo.

Nikampigia yule kijana wa tela. Akasema, "Joto la lami hilo mama, nendeni tu." Nikamwambia lami ni hiyohiyo na jua ni hilohilo, mbona ya kushoto haiunguzi? Akakata simu.

Tukaondoka polepole tukatafute fundi Lindi, taa za hazadi zinawaka, malori yanatupita. Mji hatujauona, gurudumu likaanza kulia, kisha kwenye kioo nikaliona limelala upande. Nikaachia mafuta, usukani nikaushika umenyooka, nikaliacha gari lipungue lenyewe hadi pembeni. Tela likiyumba hukanyagi breki kwa nguvu, litakusukuma na kukugeuza barabarani. Mume wangu akashuka na watoto, akaenda nao mbali na lami.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Lindi, mzee mmoja mpole, ana jeki na kopo la grisi. Alipofungua kifuniko cha habu, kilichotoka si grisi. Ni maji yamechanganyika na grisi, meupe kama uji wa mchele. Akatoa beringi ya ndani, ile inayolizungusha gurudumu, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani. Vile vichuma vya kuzunguka vilikuwa na vishimo vya kutu, ukipitisha kucha inanasa. "Dada, tela hili limeingizwa baharini," akaniambia, "na si jana wala juzi." Akanieleza inavyokuwa: watu wanashusha boti, wanarudisha tela majini likiwa limetoka mwendo mrefu. Habu ina moto, ikikutana na maji baridi hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili iliyochoka, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie. Chumvi inabaki humo inakula chuma kimyakimya. Nje rangi inang'aa.

Sisi majini hatukuwa tumeliingiza hata mara moja! Tulitoka mjini asubuhi hiyohiyo. Kutu ya namna ile haioti kwa saa mbili.

Akapata beringi na sili za upande mmoja tu dukani. Za kulia akabadilisha. Kushoto akafungua, grisi ilikuwa inaanza kugeuka nyeupe, akasafisha na kupaka mpya, akasema itatufikisha taratibu lakini tukirudi, wenye tela waibadilishe hiyo beringi. Fedha ya vyote imetoka mfukoni kwangu. Msimbati tukaifuta kwenye ratiba, maana mchanga wa kule unalitesa gari hata likiwa peke yake, sembuse na tela gonjwa.

Nitasema haki: tela lenyewe limetengenezwa vizuri. Godoro zuri, jiko la gesi haliyumbi, na kule Kilwa watoto walilala usingizi wa ajabu. Barabarani lilitulia, maana madumu ya maji niliyapanga mbele ya ekseli, uzito wa kwenye hoku ukawa ndani ya ile asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Baada ya kulala pale hasira zilishapungua, nikasema nitawapa alama za wastani, beringi ni chuma, chuma huharibika.

Halafu nikarudisha tela.

Nikaweka beringi mezani kwa yule kijana, nimeifunga kwenye gazeti. Hakuifungua. Akachungulia nje mume wangu alikosimama na watoto, akasema, "Mama, mwite mzee niongee naye." Nikamwambia, mwanangu, aliyesaini ni mimi, aliyeendesha ni mimi. Akanyanyuka, akanipita, akaenda nje: "Shikamoo mzee. Mama alikuwa anakimbizana na mabasi nini?" Mume wangu akamjibu, "Mwenye safari umemwacha mezani, rudi ukaongee naye." Akarudi, hajakaa, akasema tela tumeliingiza baharini sisi na amana hairudi.

Kwa hiyo hizo alama za wastani nazifuta. Gurudumu lile lingechomoka mbele ya lori lililojaa korosho tungekuwa tunaongea mengine, na yeye alishaambiwa kwa simu kwamba habu inaunguza.

Popote mtakapokodi, msitoe hela mpaka gurudumu la tela limenyanyuliwa kwa jeki. Lizungushe kwa mkono usikilize, likikwaruza kataa. Lishike juu na chini ulitikise, likicheza kataa. Wafungue kifuniko muone rangi ya grisi. Soma namba iliyogongwa kwenye hoku na kwenye kikombe cha tela kinachokaa juu yake, zilingane, maana kikombe kikubwa kwenye hoku ndogo kinachomoka kwenye tuta. Minyororo ipishane chini, mmoja kulia mmoja kushoto. Na spea iwe ya tela, ya gari lako huenda matundu ya nati yasikubali.

Kuhusu beringi ya kushoto nilimwambia kijana mbele ya watu, hakuandika popote. Nimepita juzi, tela halipo, limeshatoka na familia nyingine. Kama ni ninyi mmelichukua, kila mnaposimama anzeni na gurudumu la kushoto, na mkifika Lindi mwoneni fundi kabla ya kuendelea.